Hofu Hupiga Kengele, Furaha Hupiga Hodi

Hisia za mwanadamu hazina sauti moja. Hofu, hasira na huzuni zina sauti kubwa. Zikifika huamsha nyumba nzima. Furaha, shukrani, matumaini na utulivu zina sauti ndogo, na mara nyingi hufika zikaondoka pasipo mwenye nyumba kujua kwamba zilikuwa mlangoni. Kwa sababu hiyo mtu aweza kuishi miaka mingi akiamini kwamba maisha yake yote ni taabu tupu, kumbe amezoea kusikia sauti kubwa tu. Jambo hili si dogo. Mtu wa namna hiyo hudhoofisha afya yake, huchosha rafiki zake, na aghalabu hupoteza mapenzi ya watoto wake hali yu pamoja nao katika nyumba moja.

Pana mahali katika pwani ya Kenya ambapo jambo hili laweza kufikiriwa vizuri, kwa kuwa mahali hapo palipata jina kwa sauti ya hofu. Mahali penyewe ni Kengeleni, katika Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa upande wa kaskazini. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku baada ya kuvuka daraja la Nyali, wengine wakienda sokoni Kongowea, wengine kazini Bamburi, wengine safarini Malindi. Wachache huuliza kengele hiyo ilipigwa kwa ajili gani.

Habari yake ni hii. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, baada ya mashauri yaliyoanzwa na Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, na kumalizwa na John Kirk. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, watu waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa. Basi katika miaka ya 1874 na 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha makao hapo barani, nayo yakaitwa kwa jina la Frere. Waliokaa hapo walitoka mbali. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa pande za Ziwa Nyasa, waliotekwa wangali wadogo. Wengine, walioitwa Wabombay, walikuwa wameokolewa zamani zaidi, wakalelewa Nasik katika Bara Hindi, kisha wakarudi Afrika.

Mkataba ule haukukomesha utumwa wenyewe. Katika pwani ya Kenya utumwa uliendelea kuwa halali mpaka mwaka 1907, na wenye watumwa waliyatazama makao ya Frere Town kwa jicho baya, kwa sababu watoro wao walikimbilia huko. Mnamo mwaka 1880 vitisho vya kushambuliwa vilikuwa vikubwa. Kengele iliwekwa ili watu waonywe hatari inapokaribia. Ikilia, kila mtu aache jembe, aache sufuria motoni, amshike mtoto wake.

Fikiri, msomaji, maisha ya mtu wa namna hiyo. Alichukuliwa kwao mtoto, akatembezwa mwendo wa majuma mengi mpaka pwani, akapakiwa jahazini kama mzigo. Wazazi wake hajui kama wako hai. Lugha ya mama yake pengine amekwisha kuisahau nusu. Amefika mahali paitwapo pa uhuru, lakini hata hapo hulala sikio moja likingoja kengele. Kama yupo mtu aliyekuwa na haki ya kusema kwamba furaha haimhusu, ndiye huyo. Hata hivyo watu hao walioana, wakajenga nyumba, wakalima mahindi na mihogo, wakajifunza useremala, uashi na kusoma, wakaimba pamoja katika lugha ya Kiswahili ambayo wengi wao waliikuta pwani. Waliokuwa hawana ndugu walifanyiana undugu. Wazao wao wako mpaka leo.

Haifai kudhani kwamba hofu ni adui. Hofu ni askari wa mwili. Mtu aonapo nyoka njiani, moyo wake hupiga mbio, damu hukimbilia miguuni, macho huona kitu kimoja tu, yaani nyoka. Wakati huo hawezi kufikiri juu ya mashairi wala hesabu ya mazao, na hapana haja afikiri. Kazi ya hofu ni kuyafanya mawazo yawe membamba ili mtu apone. Ndiyo maana sauti yake ni kubwa. Aliyepuuza hodi ya furaha jana, leo yu hai. Lakini aliyepuuza kengele ya hatari huenda hakuamka. Wataalamu wa elimu ya nafsi, yaani saikolojia, wamethibitisha kwamba moyo wa binadamu hushika ubaya kuliko wema: neno moja la matusi hukaa muda mrefu kuliko neno moja la sifa, na hasara ya shilingi 100 huuma kuliko faida ya shilingi 100 inavyofurahisha.

Ikiwa hiyo ndiyo kazi ya hofu, furaha nayo ina kazi gani? Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe hawakuliuliza sana swali hili. Waliyachunguza maradhi ya moyo uliohuzunika, wakaiona furaha kuwa pambo tu. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson, mtaalamu wa Marekani, alitoa maelezo ambayo sasa yanajulikana katika nchi nyingi. Alisema kwamba hisia njema hufanya kinyume cha hofu: hupanua mawazo. Mtu aliyetulia na kufurahi huona mambo mengi kwa mara moja, hukumbuka zaidi, huzungumza na mgeni, hujaribu njia mpya ya kufanya kazi. Tena katika kupanuka huko hujiwekea akiba: urafiki, ufundi, maarifa, nguvu ya mwili. Furaha yenyewe hupita baada ya saa moja, lakini rafiki aliyepatikana katika saa hiyo huenda akabaki miaka 30.

Maelezo hayo huifanya habari ya Frere Town ieleweke vizuri zaidi. Watu waliofanyiana undugu siku za utulivu walikuwa na mtu wa kumwita siku ya kengele. Aliyejifunza useremala kwa kupenda mbao alikuwa na chakula hata pale misaada ilipopungua. Akiba haiozi, husema wahenga, nao hawakusema juu ya fedha peke yake.

Kabla ya kujizoeza hisia njema yafaa mtu azijue kwa majina yake, kwa kuwa asiyejua jina la mgeni hawezi kumkaribisha vema. Kiswahili hakikosi majina hayo. Raha ni ya mwili zaidi: kivuli wakati wa jua kali, maji ya dafu kwa mwenye kiu, kulala baada ya kupalilia. Furaha ni ya moyo, nayo huweza kuwapo hata mwili ukiwa umechoka. Faraja ni ile ijayo baada ya dhiki; haimfikii asiyepata shida. Shukrani ni furaha iliyomwona mtoaji. Matumaini ni furaha ya kitu ambacho hakijafika. Utulivu ni furaha isiyotaka kitu kingine. Bashasha ni furaha iliyofika usoni na kumgusa jirani. Iko pia fahari ya kazi njema, ambayo si kiburi, kwa sababu kiburi hutaka mwingine awe chini, na fahari hutosheka na ukuta ulionyoka au daftari la hesabu lisilo na kosa.

Mwenye kuyachanganya haya hupotea njia. Wengi waitafutao furaha hununua raha, wakashangaa kuwa moyo ungali na njaa. Mtu akilewa jioni hupata raha ya muda, lakini hakika hakupata utulivu, kwani asubuhi humkuta na woga ule ule wa jana pamoja na mfuko mtupu.

Chukua mfano wa karani atokaye kazini mjini akarejea kwake Frere Town jioni. Asubuhi mkubwa wake alimkemea mbele ya wenzake kwa kosa dogo la hesabu. Siku hiyo hiyo mwenzake alimgawia chakula cha mchana; mzee mmoja aliyeandikiwa barua naye alimwombea heri; upepo wa bahari ulipunguza joto; na gari halikuchelewa. Mambo manne mema na moja baya. Lakini njiani ni lile moja tu analolitafuna kama mfupa. Afikapo nyumbani mtoto wake humkimbilia na daftari la shule, amepata alama nzuri. Baba hutazama bila kuona, husema, “Weka hapo.” Mtoto huweka. Yakirudiwa hayo mara nyingi, mtoto huacha kukimbia mlangoni. Hujifunza kusikiliza nyayo za baba yake kama watu wa zamani walivyosikiliza kengele, ili ajue kama jioni hiyo ni ya kucheka au ya kunyamaza. Karani huyu si mtu mbaya, wala hawachukii watoto wake. Ameruhusu sauti moja izime nyingine zote.

Mkulima hana nafuu kuliko karani. Mwenye shamba la mahindi aliyeharibiwa mistari miwili na tumbili, na minane ikasalimika, huweza kuzungumza juu ya ile miwili tangu mavuno mpaka mvua za mwaka unaofuata. Miwili ni hasara ya kweli, na yafaa atafute njia ya kuwafukuza tumbili. Bali ile minane nayo ni mahindi ya kweli, ndiyo itakayolisha nyumba, nayo haikupata hata neno moja.

Basi hisia njema hukuzwaje? Njia ya kwanza ni shukrani yenye hesabu. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza uchunguzi wao. Waliwagawa wanafunzi katika makundi. Kundi moja liliandika mara moja kila juma, kwa majuma 10, mambo yasiyozidi matano ambayo walishukuru kuyapata. Jingine liliandika mambo yaliyowaudhi. Na jingine liliandika matukio ya kawaida tu. Mwishoni wale walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi, walilalamika kidogo juu ya maumivu ya mwili, na hata walifanya mazoezi ya viungo zaidi kuliko walioandika maudhi. Dawa hii haina bei. Karani ana kalamu tayari, na mkulima asiyependa kuandika aweza kuhesabu kwa vidole wakati wa chakula cha jioni, kila mtu mezani au mkekani akitaja jambo moja jema la siku hiyo. Sharti lake ni moja: jambo litajwe waziwazi. “Nashukuru kwa yote” ni maneno ya mdomoni. “Nashukuru kwa kuwa jirani alinishikia ng'ombe aliyekata kamba” ni shukrani iliyoona.

Njia ya pili ni salamu. Watu wa pwani wana desturi ya kusalimiana kwa urefu: hali, nyumbani, watoto, kazi, habari za tangu juzi. Wenye haraka huiona kuwa upotezaji wa wakati. Lakini katika salamu hiyo mtu hutazamwa usoni, hutajwa jina, huulizwa jambo lake. Kwa wengine hiyo ndiyo mara pekee katika siku nzima ambapo mtu mwingine humjali pasipo kutaka kitu kwake. Vijana wakimwamkia mzee shikamoo, naye akajibu marahaba, pande zote mbili huondoka na kitu. Desturi kama hiyo ni mali, nayo yafaa itunzwe.

Njia ya tatu ni kazi ya mikono na michezo ya pamoja. Mtu ashonaye mtego wa samaki, apandaye mche wa mwembe, au atengenezaye kiti kilichovunjika hupata saa ambayo moyo haumkumbuki aliyemkosea. Kadhalika kuimba na kucheza. Ngoma ya beni ilianza katika pwani hii ya Kenya mnamo miaka ya 1890, ikaenea mpaka Tanganyika na mbali zaidi, na waliokuwa wakiicheza aghalabu walikuwa watu wa kazi ngumu na mishahara midogo. Pamoja na ngoma walikuwa na vyama vyao, wakasaidiana katika magonjwa na mazishi. Walipanuka kwa furaha, wakajiwekea akiba.

Njia ya nne ni kuipumzisha kengele. Siku hizi kengele ya hofu haikai tena katika mnara. Watu wengi huichukua mfukoni. Simu hulia habari za ajali ya Nairobi, vita vya nchi za mbali, na ugomvi wa watu wasiojuana, na kila moja hulia kwa sauti ile ile kana kwamba hatari iko mlangoni. Wazee wa Frere Town hawakuipiga kengele kutwa kucha. Kama ingelia daima hapana ambaye angelima, wala hapana ambaye angejua siku ya hatari ya kweli. Mwenye hekima huweka saa ya kusikiliza habari na saa ya kuiweka simu mbali, hasa wakati wa kula na kabla ya kulala.

Hapa huenda msomaji akasema: Maneno haya ni mazuri kwa mwenye kushiba. Maskini ashukuru nini? Aliyefiwa afurahie nini? Aliyedhulumiwa anyamaze? Maswali hayo ni ya haki, nayo yanastahili jibu.

Kwanza, kukuza hisia njema si kuifukuza huzuni. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliuawa huko Busoga akiwa safarini kwenda Buganda. Miongoni mwa waliofuatana naye katika safari hiyo alikuwa William Jones, mmoja wa wale Wabombay, Myao aliyetekwa mtoto, ambaye alikuwa amefanywa shemasi mwaka ule ule. Jones aliuongoza msafara uliosalia kurudi pwani, ukafika Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886. Walikuja na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ichabod, jina la Kiebrania lenye maana ya kwamba utukufu umeondoka. Hawakujifanya kucheka. Walibeba msiba wao hadharani, na watu wa nyumbani wakaupokea. Baada ya hayo Jones aliendelea na kazi yake Rabai. Aliyelia vya kutosha huweza kucheka tena. Aliyekatazwa kulia hukauka pande zote mbili.

Pili, furaha isiwe pazia la kufunikia dhuluma. Frere Town yenyewe haikuwa bustani ya peponi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 watu waliookolewa utumwani walipigwa viboko na wasimamizi wao, mpaka habari zikafika Uingereza, kukawa na uchunguzi, na mambo yakabadilishwa. Kama watu wangeambiwa washukuru tu kwa kuwa si watumwa tena, viboko vingeendelea. Hasira yenye haki nayo ni kengele, na yafaa ipigwe. Lakini mtu aliyejiwekea akiba ya rafiki, utulivu na matumaini hulalamika vizuri zaidi kuliko aliyechoka moyo. Husema neno lake kwa mpango, hupata wa kusimama naye, wala hamalizi hasira yake kwa mke na watoto wasio na hatia.

Tatu, iko huzuni ambayo ni maradhi. Mtu akikosa usingizi, akikosa hamu ya chakula na ya kazi, akaona maisha hayana maana kwa muda wa majuma mawili au zaidi, asiambiwe ahesabu baraka zake. Apelekwe kwa mganga wa hospitali kama apelekwavyo mwenye homa, na ndugu wamshike mkono. Hapana aibu katika hilo.

Ama umaskini, ni kweli kwamba shukrani haijazi sufuria. Afanyaye kazi kwa ujira usiotosha ahitaji ujira zaidi, wala asidanganywe kwa maneno matamu. Hata hivyo maskini huibiwa mara mbili akikubali kwamba, kwa kuwa hana fedha, hata kicheko cha mwanawe, heshima ya majirani na uzuri wa kazi ya mikono yake si mali yake. Watu wa kwanza wa Frere Town walikuwa wamenyang'anywa karibu kila kitu, na hayo yakawa ndiyo mtaji wao wa kwanza.

Kengele ya Frere Town ingali katika mnara wake kando ya barabara kuu, na jina la Kengeleni limekuwa jina la kuteremkia gari. Hofu iliyoileta imepita. Katika nyumba nyingi zilizo karibu nayo, na katika nyumba nyingi za bara, jioni hii mtoto atakuja mlangoni na daftari, au mke na habari ya sokoni, au jirani na salamu. Hapana kati yao atakayepiga kelele. Watabisha hodi, kisha watangoja kidogo tu. Mwenye nyumba asiyeitika leo na kesho asilaumu keshokutwa akiona mlango wake hauna mbishaji. Neno la kuitikia analijua tangu utotoni, nalo ni fupi: Karibu.